Kurasa Mbili Nilizozishona

Kwenu walezi mlionipokea funguo,

Siku mliponiaga, mmoja wenu aliniuliza swali, nikalikwepa kwa kuomba soda nyingine. Aliuliza: kitabu kisicho na maneno unawasomeaje watoto wakati wa kulala? Kulikuwa na wageni, kulikuwa na hotuba, kulikuwa na lile jiko la gesi mlilonizawadia ambalo mpaka leo naliogopa. Hapakuwa mahali pa kujibu. Sasa nimerudi mtaani kwetu Walukuba, hapa Jinja, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu dada yangu, nina muda kuliko kazi, na nimenunua daftari. Jibu langu ni refu, na halinisifu.

Habari za vyeo mtazisoma kwenye mafaili, kama panya wamewabakishia. Mimi nitaandika juu ya kulaza watoto, kwa sababu miaka yangu yote ya ulezi, kwanza Jinja halafu Mbale, kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Mchana kila mtu anaweza kulea. Mtoto anacheza, anakula, anagombana na wenzake, jua linakwenda. Ukimwambia alale ndipo unapojua amebeba nini.

Nilianza kazi Jinja wakati vita viko Teso, kaskazini, na malori yanatushushia watoto. Nyumba yetu ilikuwa bangalo ya Mhindi mmoja aliyefukuzwa nchini zamani pamoja na wenzake, ina veranda pana na sakafu baridi. Vyumba vitatu, watoto arobaini na kitu. Mkuu wetu alikuwa Bi Nambozo, Mgisu wa Mbale, mkunga mstaafu, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa. Alibandika saa ya wakunga kifuani, saa iliyokwisha kufa miaka mingi, na bado aliitazama kabla ya kukugombeza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa funza. Alinipa pini, beseni la maji ya chumvi na miguu themanini, akasema tutaonana jioni. Nilitoa funza mpaka macho yakaona nukta nukta. Sikulalamika, nilitaka aone kwamba mtoto wa Walukuba si legelege. Ilipofika saa moja, giza linaanza kuingia, akaniambia niwalaze. Nikasimama mlangoni, nikapiga makofi, nikasema kwa furaha kabisa: "Haya watoto, kitandani! Haraka haraka!"

Chumba kilibaki kitupu. Wote waliingia chini ya vitanda, isipokuwa mmoja aliyebaki amesimama, amejikojolea. Mimi nilidhani ni mchezo, nikacheka.

Bi Nambozo alinivuta mpaka veranda. "Weye Zaituni, hiyo Kiswahili umetoa wapi?"

"Nyumbani, Maama. Walukuba."

"Basi iache huko huko. Hawa watoto, kila mtu alisema na wao Kiswahili alikuwa na bunduki."

Niliumia, sitaficha. Kwetu sisi Waislamu wa Walukuba, na baba akiwa ametoka upande wa Kenya kuja kufanya kazi kiwandani, Kiswahili ndicho mama alichonibembelezea. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kinaweza kumtisha mtu. Kilusoga nilikijua na Kiganda nilikijua, lakini watoto wa Teso hawakujua kimoja wala kingine. Nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuwalaza kwa ishara, kama bubu.

Vitabu vilikuja kwa mlango ambao hatukuutarajia. Wahindi walikuwa wameanza kurudi kuangalia mali zao, na siku moja mtoto wa mwenye nyumba akafika, mtu mzima mwenye kitambi na miwani. Sisi tulianza kufunga virago. Yeye aliomba tu tumfungulie stoo. Huko nyuma ya magunia alikuta sanduku la bati lenye vitabu vyake vya utotoni, akakaa juu ya gunia la maharage, akavifungua kimoja kimoja, akalia kidogo, akachukua kimoja. Vinne alituachia, na akasema tukae tu mpaka watoto wapate kwao. Kwa wakati ule nilishukuru nyumba. Vitabu niliviona takataka za ziada.

Viwili vilikuwa vimeliwa na mchwa. Kimoja kilijaa maneno ya Kizungu. Cha nne kilikuwa picha tupu, na maneno matatu tu ukurasa wa mwisho, kwa lugha ambayo hata Bi Nambozo hakuitambua, yeye aliyedai kuzalisha wanawake wa kila kabila. Kilikuwa habari ya vifaranga vya bata. Bibi mmoja anavitia vifaranga kwenye kapu, anapakia kapu kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda sokoni. Kifaranga kimoja kinaanguka njiani, mkokoteni unakwenda. Kifaranga kinatembea peke yake, kinavuka daraja, kinanyeshewa, kinamkwepa mbwa. Mwishoni mkokoteni unarudi na kapu, na bata wote wanalala pamoja.

Nilikijaribu jioni moja kwa sababu sikuwa na kingine. Nilitandika mkeka katikati ya chumba, nikaweka tadooba, kile kitaa cha utambi, juu ya kopo ili moshi wake usituingie machoni, nikafungua kitabu bila kusema neno. Watoto walisogea. Walisogea kwa makalio, kama wanaoibia, mpaka magoti yao yakanigusa. Sikuamini. Tangu niingie nyumba ile, hakuna aliyewahi kunigusa kwa hiari yake.

Basi nilijifunza kazi, na sehemu hii iandikeni mahali. Kitabu cha picha hakishikwi kama Kurani, kinashikwa kifuani, kimewatazama watoto, nawe unakisoma kichwa chini miguu juu. Wadogo mbele, wanaokojoa kitandani wakae karibu na mlango. Usilambe kidole kufungua kurasa. Usitaje kitu, usiulize "hiki ni nini?" kama mwalimu, mtoto akitaka kutaja atataja. Karatasi ikichanika, gundi ya unga wa muhogo inatosha, na jalada likiachana lishone. Mimi nilijiwekea sheria ya pumzi kumi kwa kila ukurasa: navuta pumzi kumi polepole, nafungua mwingine. Watoto walianza kupumua na mimi. Tukifika ukurasa wa mwisho nusu yao wamesinzia. Nilijivunia zile pumzi kumi kuliko kitu chochote, na kujivuna ndiko kulikonifanya kiziwi.

Asio alikuja na lori la mvua za kwanza. Alikuwa na miaka saba hivi, nywele zimegeuka nyekundu kwa njaa, amevaa gauni la mtu mzima lililofungwa katani kiunoni. Ofisa aliyekuja na orodha alikuwa na mkalimani, wakamhoji veranda kwa muda mrefu, hakufungua mdomo. Jina lake walilipata kwa mwanamke mmoja wa lori lile lile. Kwenye faili wakaandika: Asio, haongei, hana mtu. Mkalimani akaondoka na ofisa, na hakuna aliyemwita tena.

Wiki zikapita. Alikula, alioga, alifua, mdomo umefungwa. Kisha jioni moja, tulipofika kwenye kurasa za mkokoteni, mkono wake ulitoka katikati ya wenzake ukatua juu ya picha, kiganja wazi. Akaanza kusema. Alisema kwa sauti ya chini, muda mrefu, ananitazama mimi usoni, kwa lugha ambayo sikujua hata neno lake moja.

Nilifurahi mno. Nilikimbia kwa Bi Nambozo, nikamkuta anasali, nikamsubiri nje ninarukaruka. "Asio ameongea!"

"Vizuri sana. Anasema nini?"

"Anahadithia kitabu, Maama."

Nilijibu hivyo bila kufikiri. Kitabu kilikuwa mbele yake, mkono ulikuwa juu ya picha, angekuwa anasema nini kingine? Bi Nambozo aliniamini. Kuniamini ndilo kosa pekee ninaloweza kumwekea.

Kesho yake mkono ulitua tena pale pale. Na keshokutwa. Pumzi kumi zikiisha mkono hautoki. Nikiinua kidole kimoja, anakishusha. Wenzake walianza kununa, maana walitaka kufika darajani na kwa mbwa. Mmoja alijaribu kufungua ukurasa kwa nguvu, Asio akamuuma. Nikaanza kuruka kurasa zile, yeye anazirudisha. Siku nyingine alilia huku akisema, sauti inapanda, na wadogo wakalia kwa sababu mkubwa analia, na waliokuwa wameacha kukojoa kitandani wakaanza upya. Miezi miwili namna hiyo. Nilikuwa peke yangu chumbani na watoto ishirini, kila asubuhi naanika magodoro ishirini. Mkono ule nikaanza kuuchukia. Nasema ukweli: si mtoto, mkono.

Ijumaa moja, nikiwa nimetoka kuswali, nilichukua sindano ya magodoro na uzi mweupe, nikakaa veranda, nikazishona zile kurasa mbili zinazotazamana, ukingo kwa ukingo, mkokoteni ukabaki ndani. Nilishona kwa mishono midogo midogo, iliyonyooka. Ulikuwa ushonaji wangu bora. Nikakifungua kitabu kujaribu: kifaranga kilitoka kwenye ua wa bibi kikajikuta darajani. Nikaona inapendeza tu.

Jioni ile Asio alinyosha mkono kama kawaida, akakuta daraja. Akarudisha nyuma, akakuta ua. Kidole gumba chake kilipita kwenye ukingo polepole, kikaufuata uzi toka juu mpaka chini. Akaniangalia. Hakulia. Aliurudisha mkono wake akaukalia.

Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kulala. Kwenye daftari la zamu niliandika: "Asio ametulia. Analala vizuri." Bi Nambozo aliisoma sentensi ile kwenye mkutano wetu wa Jumatatu, akaniambia nisimame, wenzangu wakanipigia makofi. Nilisimama.

Sasa niwaambie habari za Afande Opolot. Alikuwa askari wetu wa geti, aliyekuwa jeshini zamani, mrefu, na koti lake la jeshi hakulivua hata jua likiwa la utosi. Kwa ajili ya koti lile niliweka sheria kwamba asivuke kamba ya nguo, kwa sababu watoto wakimwona wanakimbia. Alikubali bila kinyongo. Tulisalimiana kwa Kiswahili kila siku, mimi na yeye, nafikiri alikuwa mtu pekee pale niliyeweza kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Na sikuwahi kumuuliza kwao wapi. Kwangu alikuwa Afande, na Afande sikumfikiria kuwa na kijiji. Kuuliza si ujinga, niliwafundisha watoto, nikifika getini nasahau.

Mvua zilikwisha, zikaja nyingine. Mchana mmoja Opolot alikuwa anafyeka majani kwa slasha upande wake wa kamba ya nguo, na Asio amekaa upande wa pili na wadogo watatu, anawahadithia kile kitabu bila kitabu, kwa kokoto na kifuu cha nazi walichokiokota jikoni. Opolot aliacha kufyeka. Alisikiliza, slasha mkononi. Kisha akaja mpaka dirisha la stoo nilipokuwa, lililotazama upande wake wa kamba, akavua kofia.

"Maama Zaituni, hii mtoto Asio iko na ndugu?"

"Hana, Afande. Faili inasema hana mtu."

"Faili inasema. Lakini yeye anasema iko na kaka mdogo, jina Okurut. Anasema walikuwa kwa lori moja. Yeye alishuka kutafutia mtoto maji, lori ikaenda na mtoto. Hiyo lori ya Mbale. Yeye wakaweka kwa hii yetu."

"Wewe umejuaje anavyosema?"

Alinishangaa. "Si ni lugha ya kwetu?"

Nikamuuliza Opolot ni lini Asio alianza kusema maneno hayo.

"Mimi nimesikia leo," alisema Opolot, akageuza kofia mikononi. "Lakini anasema aliisha ambia weye. Siku mingi. Anasema alionyesha weye kwa kitabu."

Nawaomba sasa msome polepole. Sikukimbilia kwa Bi Nambozo. Nilikimbilia kitabu. Nilifunga mlango, nikachukua wembe, nikaufumua ule uzi wote, nikautia mfukoni. Ndipo nikaenda kusema kwamba Asio ana ndugu. Bi Nambozo alisikiliza, akasema kilete hicho kitabu. Akafungua kurasa za mkokoteni, akapitisha ukucha kwenye ukingo, tundu baada ya tundu.

"Hii matundu ni ya mdudu gani?"

"Sijui, Maama."

Alitazama ile saa yake mfu. Hakunigombeza. Akasema, "Kesho asubuhi tunaenda Mbale," na habari ya matundu hakuitaja tena mpaka alipofariki.

Tulipata nafasi kwenye gari lililopeleka mablanketi. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu tulipofika, na nyumba ya watoto ilikuwa bohari la zamani la kahawa, bado linanuka kahawa. Mlezi wa pale, msichana mdogo kama nyinyi, alilikumbuka lile lori vizuri. Ndiyo, alikuwepo mtoto wa kiume, miaka mitatu hivi, hakujua jina lake wala la mtu yeyote. Walimwita Wafula, kwa kuwa aliletwa mvua ikinyesha.

"Huyo Wafula alikuwa kila gari ikilia anakimbia kwa geti," alisema. "Tunamrudisha, anakimbia tena. Tulisema huyu mtoto anapenda magari."

"Yuko wapi?" Bi Nambozo aliuliza.

Alikuwa amechukuliwa. Mtu na mkewe, wafanyabiashara wa upande wa mpakani, hawakujaliwa mtoto. Walikuja na barua ya chifu yenye muhuri, walimtembelea mara tatu, wakampenda. Alitufungulia kitabu cha wageni tuone siku alipoondoka. Niliitazama tarehe ile, na sikuhitaji kurudi Jinja kulinganisha na daftari la zamu, kwa sababu Ijumaa ya uzi mweupe niliijua. Zilikuwa wiki saba. Baada ya mimi kushona, Okurut alikaa bohari lile wiki saba, anakimbilia geti kila gari likilia. Siku niliyosimama kupigiwa makofi, alikuwepo.

Tulikwenda kuwatafuta mpaka Lwakhakha, pale mpakani. Nyumba yao ilikuwa na wapangaji wengine. Walisema wale wamehamia Kenya, labda Kitale, labda mbele zaidi. Tuliandika barua, tukatuma na watu. Hakuna kilichorudi.

Bi Nambozo mwenyewe ndiye aliyemwambia Asio, Opolot akitafsiri. Ilikuwa mara ya kwanza Opolot kuvuka kamba ya nguo, na alivua koti bila kuambiwa, akaliacha getini. Asio alisikiliza mpaka mwisho, mikono iko kwenye povu la nguo. Akauliza neno moja.

"Anauliza kama hao watu iko na ng'ombe," Opolot alisema.

"Mwambie iko," alisema Bi Nambozo. "Mingi."

Hakujua kama wanao hata kuku. Ndio uongo pekee niliomsikia akiusema kazini.

Baada ya hapo mambo yalibadilika pale nyumbani, na mabadiliko yale ndiyo nyinyi mliyoyakuta mkayaona ya kawaida. Opolot aliwekwa kwenye mkeka. Tulimvalisha shati jeupe la marehemu mume wa Bi Nambozo, fupi mikononi, akakunja magoti yake yenye kulia, akashika kitabu cha bata akakisema kwa lugha ya watoto. Siku ya kwanza walijificha. Siku ya tatu walicheka; kumbe mbwa wa kwenye kitabu alifanana na mtu wa kijijini kwao. Asio alikaa nyuma kabisa, hakunyosha mkono. Nami nikaanza kwenda soko kuu, nikiuliza kwenye meza za samaki na mihogo nani anasema lugha gani, kila mtoto mgeni nimpate mtu wake kabla hata hajaoga. Wale kina mama mnaowaona jioni kwenye mkeka, mnaowapa chai na sabuni, wametokana na hilo. Msije mkawaacha kwa sababu mmejifunza nyie lugha mbili tatu.

Vita vilipoisha malori yaligeuka, yakawa yanarudisha watoto Teso. Wengine walikuta mama zao. Asio hakuwa na wa kumkuta, alibaki Jinja, akasoma, akaanza kusema Kilusoga kama mzawa. Mimi niliomba kuhamishiwa Mbale, na desturi ya mkeka nikaenda nayo. Nilisema mama yangu ana ndugu huko. Ukweli ni kwamba nilidhani siku moja wale watu watapita, au kijana mwenyewe atakuja kuuliza alitoka wapi, na nilitaka anikute mimi getini. Nilimpigia hesabu: sasa ana miaka kumi, sasa kumi na tano, sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Kila kijana mgeni aliyesimama geti la Mbale nilimtafuta uso wa Asio. Hakuja. Majuto ni mjukuu, husema wazee. Mimi sikujaliwa mjukuu, nilijaliwa hayo.

Asio sasa anapika chakula Bugembe, kando ya barabara kuu, kwa madereva wa malori. Ana watoto watatu na mume fundi bomba. Miaka yote nilikuwa nikishuka Jinja nampitia na sukari na sabuni, tunazungumza habari za watoto, naondoka. Neno lenyewe sikulisema. Kila mara nilijiambia bado niko kazini, si vizuri, nitasema nikistaafu. Nyinyi mkaniaga, na kisingizio kikaisha.

Nilikwenda Jumanne iliyopita, saa tisa, wateja wakiwa wachache. Alikuwa anamenya matoke. Anazungumza Kiswahili siku hizi, kile cha madereva, bila hofu yoyote.

"Asio, kile kitabu cha bata. Zile kurasa za mkokoteni, ni mimi niliyezishona."

"Najua. Nani mwingine alikuwa na uzi mweupe?" Hakuinua kichwa.

"Nilizifumua siku Afande aliponiambia, nisijulikane. Sikumwambia Bi Nambozo. Sikukwambia wewe."

"Basi umesema leo. Kula kitu."

Nikaona ananisaidia niondoke salama, nami sikutaka. Nikasema: "Nilidhani unakataa kulala tu. Sikuelewa hata neno moja."

Kisu kilisimama. "Weye hukuelewa?"

"Hata moja."

"Maama, mimi nilikuwa nasema na weye siku yote ile. Weye unatingisha kichwa." Aliweka kisu chini. "Mimi nilifikiri umeelewa. Nilifikiri hiyo uzi ndiyo jibu yako. Ati mambo ya Okurut imeisha, ninyamaze. Nikanyamaza."

Kumbe miaka yote ile alinipokea sukari akiamini kwamba nilimsikia, nikamfungia ndugu yake ndani kwa makusudi. Machozi yalinitoka mbele ya madereva wa watu. Yeye hakulia. Aliuliza kile ambacho nilikuwa nikiomba asiulize.

"Siku ile ulishona, yeye alikuwa bado Mbale?"

Nilimkumbuka Bi Nambozo na wale ng'ombe. Ningeweza kusema sijui.

"Alikuwepo. Alikaa wiki saba zaidi."

Dereva mmoja aliomba chai. Asio alinyanyuka, akammiminia, akampa na chapati, akarudi akaketi pale pale kwenye kigoda chake, mikono mapajani.

"Wiki saba," alisema. "Na kila asubuhi mimi nilikuwa napiga magoti mbele yako, nauliza, Maama, umelalaje."

Ni kweli, alipiga magoti kila asubuhi na ile salamu moja ya Kilusoga, kama watoto wa kike walivyofunzwa pale. Nami kila asubuhi nilimjibu kwamba nimelala vizuri.